Nani Atakayeivunja?

Mjomba wangu alikuwa fundi wa betri Magongo, Mombasa, kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege. Mengi niliyokuja kuyafundisha baadaye kama mwalimu wa kemia niliyaona kwanza kwenye kibanda chake, kabla sijajua kama yana majina. Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati na mbao za makasha ya bandarini. Mlikuwa na benchi, chaja iliyovuma kutwa, madumu ya asidi, na jiko la makaa ambalo halikupikiwa chakula. Nje yalipita malori usiku na mchana, na lori ambalo betri imekufa haliendi Nairobi wala Kampala. Mjomba hakukosa kazi.

Betri za siku hizo zilifunguka. Kasha lilikuwa la mpira mgumu mweusi, juu limezibwa kwa lami. Mjomba alikitia kisu motoni, akaikata lami, akaichomoa seli moja moja. Alizipanga sahani juu ya gunia, nzima huku, zilizooza kule. Kisha aliweka risasi kwenye kikaango cha chuma juu ya lile jiko, akaiyeyusha ili aunganishe sahani na kusubu vichwa vipya. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo makaa yaliyopulizwa vizuri hulifikia bila taabu. Iliyosalia aliimimina kwenye vishimo vya mchanga, ikawa chubwi za wavuvi wa Mkupe. Asidi chafu ilikwenda mtaroni. Vumbi la kijivu lililobaki juu ya gunia alilikung'utia nje, upande ambao upepo ulikuwa ukienda.

Tulikuwa tukicheza upande huo.

Alikuwa fundi makini, na hilo nalitaka lieleweke kabla sijaendelea. Aliijua asidi na kuiheshimu. Mlangoni aliweka kopo la magadi, na ikimrukia tone mkononi alijimwagia maji, akajipaka magadi yaliyokorogwa, akaendelea na kazi. Sisi watoto alitukemea tukisogea karibu na madumu. "Tokeni hapo, mamangu, hiyo itawala ngozi." Asidi hujitangaza. Hutoboa suruali, huchoma kidole, hutoa harufu inayokaba koo, na mtu mwenye akili zake hujifunza mara moja kukaa nayo. Risasi haitangazi kitu. Haichomi wala hainuki, na aliyeivuta pumzi leo hataumwa leo. Mjomba alijilinda kwa ujuzi wote aliokuwa nao dhidi ya kile kilichomwonya, na kile kisichoonya alikipeleka nyumbani katika mikunjo ya nguo zake. Mama alizifua pamoja na zetu katika beseni moja.

Nilipofika chuo ndipo nikasoma kinachotokea. Mwili huipokea risasi kama kalsiamu. Huifungulia mlango ule ule wa utumbo, huipeleka kwenye mifupa, na huko hukaa miongo. Mwanamke akishika mimba, mifupa yake ikitoa kalsiamu kumjenga mtoto, hutoa na risasi iliyokuwa imehifadhiwa humo tangu utoto wake. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Kinachoharibika kwanza ni ubongo unaojengeka: utulivu darasani, kumbukumbu, uwezo wa kuzuia hasira. Tangu niyasome hayo sijaweza kumtazama mwanafunzi anayehangaika na hesabu bila kujiuliza anaishi wapi, na baba yake anafanya kazi gani.

Kutoka Magongo hadi Owino Uhuru ni safari fupi ya matatu, unapita Mikindani. Ni kijiji cha nyumba za udongo na mabati kilichobanana, watu wapatao 3,000. Mwaka wa 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi ukutani mwa kijiji hicho. Kazi yake kwa asili ilikuwa ile ile ya mjomba: kuvunja kasha, kumwaga asidi, kuyeyusha risasi. Tofauti ilikuwa kiasi. Moshi ulitoka kwenye bomba ukatua juu ya mapaa, na watu waliokuwa wakikinga maji ya mvua kwenye mabati hayo waliyanywa. Maji machafu ya kiwandani yalipita kati ya nyumba. Kuku walikufa, mabati yakaliwa, watoto wakawashwa na kukohoa, wanawake wakapoteza mimba.

Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda hicho 2009. Mwanawe mchanga aliugua, akatibiwa hiki na kile bila nafuu, mpaka damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Mama huyo aliacha kazi, akaanza kugonga mlango mmoja baada ya mwingine. Mwaka wa 2012 alikamatwa kwa kuongoza maandamano, akashtakiwa, akaachiliwa na mahakama. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka uliofuata alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na baadaye, kupitia shirika alilolianzisha, Center for Justice, Governance and Environmental Action, kesi ikafikishwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa. Julai 2020 mahakama iliwapa wanakijiji fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikaamuru na ardhi isafishwe. Mahakama ya Rufaa ikaivuruga hukumu hiyo 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Niliifuata kesi hiyo kwa miaka yote, na nilifurahi kama kila mtu wa bara hii ya Mombasa. Lakini nikiwa mwalimu wa kemia kuna jambo lililonikaa kooni. Mahakama yaweza kuamuru ardhi isafishwe, wala si makosa kuamuru hivyo. Risasi lakini ni elementi. Haiozi, haichakai, haigeuki kuwa kitu kingine. Unaweza kuukwangua udongo ukaupeleka mahali pengine, unaweza kuufunika kwa udongo safi, unaweza kuutia fosfeti ili risasi ifungwe isiyeyuke upesi. Yote hayo ni kuihamisha au kuifunga. Hakuna mahali duniani ambapo inakwisha.

Na ipo aibu nyingine ambayo watu wa taaluma yangu hawapendi kuisema wazi. Betri ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka wa 1859, husifiwa kuwa miongoni mwa bidhaa zinazorejelezwa kuliko zote. Marekani karibu kila betri ya gari iliyokufa hurudi kiwandani ikawa betri mpya. Zaidi ya robo tatu ya risasi yote duniani huingia kwenye betri, na nyingi ya hiyo imewahi kuwa betri kabla. Ukikaa kwenye mkutano wa watu wa mazingira ukasikia sifa za uchumi wa mzunguko, usioacha taka, hii ndiyo bidhaa ya kupigiwa mfano. Nayo ndiyo iliyoingia damuni mwa watoto wa Owino Uhuru, na iliingia kwa njia ya huko huko kurejelezwa. Mwaka mmoja tu baada ya kiwanda kile kufunguliwa, habari zilikuwa zimeshatoka Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, Senegal: kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa mahali ambapo familia zilikuwa zikipepeta udongo uliojaa vumbi la betri kuukuu ili ziuze risasi.

Kwa hiyo mimi sitosheki nikiambiwa kitu kinarejelezwa. Nauliza kinarejelezwa na nani, kwa mikono gani, na nyumba ya jirani iko umbali gani. Betri ya gari iliundwa kwa kumfikiria mwenye gari. Ni nzito, ya bei nafuu, inawasha injini asubuhi ya baridi. Aliyeiunda hakumwona mjomba na kisu chake cha moto. Hakumwona mama na beseni lake.

Wanakemia wawili wa Marekani, Paul Anastas na John Warner, walichapisha mwaka wa 1998 kanuni 12 za kile walichokiita kemia ya kijani. Nilizisoma nikiwa tayari nimeanza kufundisha, nikahisi kwamba hatimaye mtu ameandika habari za kibanda cha Magongo bila kukijua. Kanuni ya kwanza ni kuzuia taka isizaliwe badala ya kuisafisha ikishazaliwa. Ya nne ni kuibuni kemikali ifanye kazi yake huku sumu yake ikiwa ndogo kabisa. Ya kumi ni kuibuni ili kazi yake ikiisha imeng'enyuke, isibaki ikizurura. Chini ya kanuni hizo kuna hesabu rahisi. Madhara yanatokana na mambo mawili yakikutana: ubaya wa kitu chenyewe, na kadiri mtu anavyokutana nacho. Kwa karne nzima viwanda vimehangaika na hilo la pili. Vimeweka ukuta, feni, barakoa, glavu, kibao chenye fuvu la kichwa. Kemia ya kijani inashika hilo la kwanza. Kitu kikikosa ubaya, glavu ikichanika hakuna atakayekufa.

Msomaji wa Ulaya anaweza kuiona hiyo kuwa nadharia nzuri. Kwetu ni suala la maisha, kwa sababu kinga zote za aina ya pili huchakaa zikiwa njiani kuja kwetu. Glavu inayohimili asidi ni pesa, na fundi anayelipwa kwa kila betri hawezi kuinunua kila ichanikapo. Barakoa ya vumbi kwenye joto la Februari Mombasa huvuliwa baada ya robo saa. Mkaguzi ana eneo kubwa na gari halina mafuta. Kibao kimeandikwa kwa lugha ya kiwandani. Usalama unaotegemea mtu wa mwisho awe na pesa, muda na utulivu, ni usalama uliobuniwa kwa ajili ya mtu mwingine. Ule uliomo ndani ya kitu chenyewe ndio pekee unaosafiri nacho hadi Magongo.

Tunajua jambo hili linawezekana, kwa sababu limeshafanyika kwa risasi hiyo hiyo. Nilipokuwa mdogo petroli yote iliyopita mbele ya kibanda cha mjomba ilikuwa imetiwa risasi ili injini isigonge. Thomas Midgley na wenzake wa General Motors waliligundua dawa hilo Desemba 1921, wakijua kwamba alkoholi nayo huizuia injini kugonga. Alkoholi lakini hakuna awezaye kuimiliki kwa hataza. Mwaka wa 1924 wafanyakazi watano walikufa wakiwa wamerukwa na akili katika kiwanda cha kulitengeneza huko New Jersey, na bado dawa likasambaa dunia nzima. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka wa 2001 kuachana nalo, na kufikia Januari 2006 Kenya na jirani zake walikuwa wameliacha. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, 2021. Hakuna dereva wa lori aliyetakiwa avae barakoa. Hakuna mama wa Changamwe aliyefundishwa namna ya kupangusa vumbi. Kitu kilitolewa ndani ya petroli, basi.

Darasani kwangu nilianza na kidogo nilichokuwa na mamlaka nacho. Kila aliyesoma kemia katika sekondari za Kenya anaijua nitrati ya risasi. Unaichanganya na iodidi ya potasiamu, inatokea chenga ya manjano ya kupendeza, wanafunzi wanashangilia, kisha bika zote zinasuuzwa kwenye sinki. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, mtoto wa Chaani, aliniuliza siku moja, "Mwalimu, tukishaimwaga inaenda wapi?" Swali hilo halimo kwenye mtihani wowote. Sinki letu linaingia kwenye shimo, shimo likijaa linavujia mtaroni, mtaro unateremka kuelekea mlango wa bahari wa Port Reitz, ambako baba zao wengine wanavua kamba na kaa. Tulifuata mtaro huo kwa miguu, darasa zima.

Tangu hapo tumebadili namna ya kufanya. Jaribio lile sasa tunalifanya kwa matone juu ya karatasi ya plastiki, tone moja la hiki na tone moja la kile, na rangi inaonekana vile vile. Mabaki hukusanywa kwenye chupa yenye kizibo. Kwa elektrolisisi ya chumvi iliyoyeyushwa, vitabu hutumia bromidi ya risasi kwa kuwa huyeyuka kwa joto la chini kiasi, nyuzi 373. Kloridi ya zinki huyeyuka chini zaidi, kama nyuzi 290, na inaonyesha kanuni ile ile bila risasi hata chembe. Mvuke wake unawasha na haufai kuvutwa, kwa hiyo tunaifanyia dirishani na kidogo kidogo. Nawaambia wanafunzi waziwazi kwamba hatukupata kitu kisicho na ubaya, tulipata kilicho na ubaya mdogo na unaoonya. Wengine huona hilo kama kushindwa. Mimi naona ndiyo kemia yenyewe, na natamani wangeifundisha hivyo mapema zaidi, kabla ya mtu kukariri jedwali lote la elementi.

Jirani na nyumbani kwetu nilikuwa na mfano mwingine, na huu nilichelewa kuuelewa kwa sababu haukuwa na harufu ya maabara. Changamwe, upande wa kuingia Port Reitz, kuna chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba, Akamba Handicraft, kilichoanzishwa 1963. Ukipita hapo unasikia tezo zikigonga kuanzia asubuhi. Inasimuliwa kwamba sanaa hii iliingia Ukambani na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa miongo mingi wachongaji walitegemea mpingo na muhugu. Mpingo unataka miaka 70 hadi 100 ndipo ukomae, na muhugu nao hauna haraka. Miti hiyo ikaadimika. Magogo yakawa yanatoka mbali zaidi kila mwaka, mengine kwa njia za usiku, na bei ikapanda.

Kuanzia miaka ya 1990 wachongaji walishawishiwa wahamie kwenye mwarobaini. Nakumbuka ubishi uliokuwapo. Mwarobaini ni mwekundu-hudhurungi wakati watalii wanataka cheusi. Usipokaushwa polepole hupasuka, na kinyago kilichopasuka kikiwa njiani kwenda Ujerumani ni hasara ya mchongaji. Baba wa rafiki yangu, aliyechonga twiga maisha yake yote, alisema mti wa dawa ni wa dawa. Hata hivyo walijifunza. Walijifunza kuuacha ukauke kivulini, wakajifunza pande zake za ukaidi, wakachagua maumbo yanayoupendeza. Mwarobaini upo kila kiwanja cha pwani, unakua upesi, na unapandwa na mkulima kwenye shamba lake, kwa hiyo pesa za gogo zikaanza kumfikia mwenye shamba badala ya kuishia kwa mkataji wa msituni.

Kilichonivutia nilipoyatafakari haya nikiwa mtu mzima ni kwamba hakuna aliyejaribu kuuokoa mpingo kwa kumwambia mchongaji ale kidogo. Walibadili malighafi yenyewe, wakaikubali tabia yake mpya, wakaijenga kazi upya juu yake. Kisha kuna lile la mwisho. Kinyago cha mwarobaini kikivunjika ni kuni. Atakayekivunja hapati chochote mwilini, ilimradi aliyekipaka rangi hakutumia rangi yenye risasi. Wapo wanaokipaka kiwi ya viatu ili kifanane na mpingo, na hapo tena unarudi kwenye swali lile lile, kwamba kiwi hiyo ina nini.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba kubadili ni kupiga hatua moja ukafika. Mafundi wa friji wa Magongo wamelijua hilo kwa mikono yao kuliko maprofesa. Gesi ya kwanza waliyojifunza, waliyoiita R12, ilisifiwa kwa usalama: haiwaki, haina sumu. Ikagunduliwa inatoboa tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987, ambao sekretarieti yake iko Nairobi, ukaanza kuiondoa. Ikaja R134a, ambayo ozoni haiigusi ila hulipasha joto anga mara zaidi ya elfu moja kuliko kaboni dioksidi ya uzito huo huo. Oktoba 2016 mataifa yakakutana Kigali kukubaliana kuipunguza hiyo nayo. Sasa friji nyingi mpya zina R600a, ambayo ni isobutani, jamaa wa karibu wa gesi ya kupikia. Ni nzuri kwa anga. Lakini fundi aliyezoea kuchomelea bomba bila kuitoa gesi yote kwanza anaweza kulipua chumba. Kila mara kilichosahaulika kilikuwa mahali pengine: mara angani, mara kwa fundi. Ndiyo maana sipendi neno "salama" likiachwa peke yake bila kuambiwa ni salama kwa nani na katika hatua ipi ya maisha ya kitu hicho.

Mjomba alifariki akiwa hajazeeka. Miaka yake ya mwisho alikuwa na maumivu ya tumbo yaliyokuja na kuondoka, mkono wa kulia ulilegea hadi kikombe kikawa kinamwanguka, na yeye aliyekuwa mcheshi akawa mwepesi wa hasira kwa watoto. Alitibiwa vidonda vya tumbo. Hakuna aliyempima risasi, kwa sababu hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Nimewahi kuwasimulia madaktari vijana habari hizo na wakaziandika. Swali la kazi ya mgonjwa halihitaji mashine, na ningependa liulizwe katika kila zahanati kuanzia Miritini hadi Likoni.

Kile kibanda sasa ni cha mwanawe. Betri za kufungua kwa kisu zilishapita. Hizi za risasi za leo zina kasha la plastiki lililochomelewa, na zikifa yeye hununua kama chakavu na kuziuza zikiwa nzima kwa wanaokusanya. Hafungui hata moja, hilo tuliahidiana. Riziki yake kubwa inatokana na betri za sola na za tuktuk za umeme ambazo zimeanza kuonekana mjini. Nyingi ni za lithiamu na fosfeti ya chuma, aina iliyogunduliwa katika maabara ya John Goodenough huko Texas katika miaka ya 1990. Nilimweleza kwa furaha kwamba humo hamna risasi, wala kobalti inayochimbwa Kolwezi na watu walioingia mashimoni kwa kamba. Chuma na fosfeti vyote ni vitu ambavyo dunia inavyo tele na mwili unavijua. Ukiniuliza ni wapi kanuni ya nne imetimia ndani ya kitu ninachoweza kukishika, nitakuonyesha hiyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaiweka moja juu ya benchi.

"Sawa, dada. Sasa nifungulie."

Haikufunguka. Kasha lilikuwa limegandishwa kwa gundi, ndani seli zimemwagiwa gundi ngumu, vipande vya kuunganishia vimechomelewa moja kwa moja kwenye seli. Seli moja tu ndiyo iliyokuwa imekufa, lakini kuifikia ilikuwa lazima azitoboe nzima zilizoizunguka, na kioevu kilichomo kina chumvi ya floraini ambayo ikikutana na unyevu au moto hutoa floridi ya hidrojeni, gesi inayounguza mapafu. Maandishi yalikuwa ya Kichina na tarakimu. Na kwa kuwa humo hamna kobalti wala risasi, hakuna mnunuzi wa chakavu anayeitaka. Betri iliyoondolewa sumu imeondolewa pia thamani ya kuokotwa, na njia yake fupi ni jalala la Mwakirunge.

Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayomtaka mtengenezaji na mwagizaji kuwajibika kwa bidhaa mpaka mwisho wa maisha yake. Binamu yangu hakuisoma, ila ombi alilonitajia tukiwa pale kwenye benchi limo ndani ya roho ya sheria hiyo. Anataka parafujo badala ya gundi. Anataka kilichomo kiandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza ubavuni. Anataka awe na mahali pa kuirudisha iliyokufa, apewe hata shilingi kidogo, ili asilazimike kuitupa. Aliniomba niyaandike vizuri kwenye karatasi ampe ajenti anayemletea mzigo, kwa kuwa ajenti huyo huzungumza na kiwanda.

Niliyaandika. Chini yake nikaongeza jambo moja ambalo hakulitaja, nalo ni kwamba kiwanda kieleze nini kitamwingia mwilini mtu atakayeivunja betri hii bila glavu, jikoni kwake, na watoto wakiwa karibu. Ajenti amerudisha jibu la parafujo: toleo lijalo litakuwa nazo. Hilo la pili tunalifuatilia.